Kengele Iliyovishwa Kofia

Hapo zamani, na msiende mbali kuitafuta, maana zamani yangu ni ya juzi tu, watu wana simu mfukoni lakini mgongo ukiwauma bado wanaulizia godoro la sufi, paliishi Tanga mwanamke mmoja akiitwa Bi Mwanamkasi. Alikuwa mjane, mfupi, mwepesi wa ulimi, na kazi yake ilikuwa kushona magodoro. Godoro la Bi Mwanamkasi ulilalie mwaka, ulilalie miaka kumi, halibonyei. Yeye mwenyewe alijua hivyo, na hakupenda mtu asiyejua apite mlangoni kwake bila kuambiwa.

Nyumba yake lazima muijue, maana kisa chote kimo ndani yake. Ukitoka uani unaingia ukumbini. Ukitoka ukumbini unaingia ghala la sufi. Ukivuka ghala unafika chumba cha ndani, chenye dirisha dogo la kutazama uchochoroni. Uani, ukumbi, ghala, chumba. Shikeni hivyo hivyo.

Chumba cha ndani alikaa Raya, mke wa Sefu, mwana wa pekee wa Bi Mwanamkasi. Sefu alikuwa Mtwara kikazi. Raya alikuwa na mimba, na kabla ya hiyo mbili zilikuwa zimetoka, kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa ikimlea kama yai.

Sasa Raya alikuwa na dada yake, Mwatime, fundi umeme. Siku moja Mwatime alikuja kumwona mdogo wake. Akapita ukumbini, akapita ghalani, akafika chumbani, akarudi uani amenuna.

"Mama," alimwambia Bi Mwanamkasi, "huyu mtoto akizaliwa atalala nyuma ya magunia thelathini ya sufi. Sufi ikishika moto, aliye ndani atatokea wapi?"

"Sufi yangu iko humu mwaka wa ishirini na sita. Haijashika moto hata siku moja."

"Inatosha ishike mara moja, mama."

Baada ya wiki Mwatime akarudi na ngazi na kengele mbili za moshi, nyeupe, za duara, kila moja ukubwa wa kisahani cha chai. Moja akaifunga darini ghalani, ya pili akaifunga darini ukumbini. Bi Mwanamkasi akauliza kwa nini mbili, na nyumba ni moja.

"Hazifanani," alisema Mwatime kutoka juu ya ngazi. "Hii ya ghalani ina kichumba cheusi ndani. Mna kitaa kinachomulika upande mmoja, na kijicho kilichogeuzwa pembeni kisiuone ule mwanga. Siku zote kijicho kinakaa gizani. Ukiingia moshi mzito, ule wa kitu kinachofukuta bila kuwaka, mwanga unaugonga moshi, unatawanyika, kijicho kinauona. Kikiuona tu, kengele inalia. Si unajua jua likipenya dirishani? Bila vumbi la sufi, ule mwali huuoni."

"Na ya ukumbini?"

"Ya ukumbini haina jicho. Mna punje ya madini, ndogo kuliko chembe ya chumvi, inayoifanya hewa ya mle ndani ipitishe umeme kidogo sana, bila kupumzika. Moto ukiwaka kwa miali, moshi wake ni mwepesi, chembe zake hata huzioni. Zikiingia mle zinaukwaza ule umeme. Umeme ukipungua, kengele inalia. Ya ghalani inaujua moto unaojificha, ya ukumbini inaujua moto unaoruka. Kila moja inaweza kuusikia hata wa mwenzake, lakini itachelewa. Na moto haungoji."

Akazijaribu zote mbili. Ya ghalani ilitoa mlio mmoja mrefu. Ya ukumbini ililia kwa kudonoa, pi, pi, pi.

"Umeniletea mawifi wawili darini," alisema Bi Mwanamkasi, na alikuwa kama mwenye kutania, lakini hakuwa akitania sana.

Kengele ya ghalani ilimtoa roho. Kulikuwa na Chiku, mwanamke wa makamo aliyekuwa akimpigia sufi. Miaka kumi na minne ya kupiga sufi ilimwachia Chiku mikono imara na pua iliyokufa. Ungempitishia samaki aliyeoza, angekuuliza mnakula nini leo. Basi asubuhi Chiku akipiga sufi, vumbi likipanda, kengele inalia. Alhamisi Bi Mwanamkasi akifukiza udi, kengele inalia. Akiipepea kwa kanga, inalia. Akiitukana, inalia. Ile ya ukumbini kimya, haijafungua mdomo tangu siku ya kujaribiwa.

Angeing'oa, ila alishamwahidi Raya kwamba haitang'olewa. Akafanya analolijua. Akachukua kipande cha kitambaa cha godoro, kile cha mistari ya buluu, akapima, akakata, akashona, akatia mpira pembeni. Kengele ikavaa kofia. Iliikaa sawasawa, bila kunyanzi hata moja, na Bi Mwanamkasi akasimama chini yake akiitazama kwa kujivuna.

Mwatime alipoiona alitaka kukasirika, akashindwa, akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama, hata kengele umeishonea foronya. Haya. Lakini kazi ikiisha, ivuliwe."

"Chiku, umesikia? Kazi ikiisha, vua kofia."

"Nimesikia, Bi."

Na Chiku akiambiwa ameambiwa. Asubuhi anapanda kigoda, anavisha. Saa saba mchana anapanda kigoda, anavua. Anavisha, anavua. Hakukosa siku.

Raya akajifungua salama, mtoto wa kike, akaitwa Nunu. Bi Mwanamkasi alilia machozi ya furaha mbele ya watu, akasema ni vumbi la sufi.

Katika nyumba ile kulikuwa na desturi. Siku ya arobaini, mzazi akitoka nje, bibi wa mtoto huchukua uzi mweusi na kumkabidhi mwanamke mmoja. Huyo ndiye humfunga mtoto mkononi, na tangu hapo ndiye somo wake. Mtoto akiumwa, somo huitwa kwanza. Akivunja ungo, somo ndiye humfunda. Siku ya harusi, somo humkalisha. Mtoto ni wa mama yake, lakini nusu ya siri zake ni za somo. Uzi ni mmoja, haukatwi, na somo ni mmoja. Mtaa mzima ulishaamua kwamba uzi wa Nunu ni wa Mwatime.

Ngoja niwatajie mtu mmoja zaidi. Ukuta kwa ukuta na Bi Mwanamkasi aliishi Siwema, mpika vitumbua. Homa ya uti wa mgongo ilimchukua masikio akiwa na miaka tisa, ikamwachia maneno. Aliongea, tena kwa sauti ya juu, ila hakusikia. Alisoma midomo, alisoma nyuso. Watu wa mtaa walimpenda, wakala vitumbua vyake, wakacheka naye. Lakini hakuna mama aliyempa mtoto amshike. "Akilia nyuma yake atajuaje?" walisema, wakigeuza uso asione midomo. Siwema alikuwa akijua wanachosema. Kilimuuma, na alikuwa na miaka thelathini na minane ya kuumwa nacho.

Siku ya arobaini ikafika. Asubuhi Bi Mwanamkasi akaivisha kengele kofia kwa mkono wake mwenyewe, maana siku hiyo udi ungefukizwa wa kutosha. Chetezo pia alikibeba yeye. Akamfukiza Raya, akafukiza ukumbi, akafukiza nguo za mtoto. Akavuka ghala makaa yakiwa yanang'aa, na pale kwenye kizingiti cha chumba goti likamkatika. Akayumba, akashika ukuta, akasimama. Akatazama chini, hakuona kitu. Akaendelea na udi wake.

Wanawake wakajaa uani. Raya akakalishwa kwenye kiti, ana hina mpaka kwenye viwiko, siku yake ya kwanza kuliona jua baada ya siku arobaini. Nunu akanyonya, akashiba, akalazwa chumba cha ndani juu ya godoro jipya, mlango ukarudishwa. Pilau ikapakuliwa.

Na ghalani je? Ghalani kaa moja, la ukubwa wa punje ya mbaazi, lilikuwa limeingia gunia la pembeni. Sufi haikuwaka. Ilifukuta. Ilijila ndani kwa ndani, bila mwali, ikatoa moshi mzito wa kijivu. Moshi ukapanda darini ukaizunguka kengele, ukatafuta pa kuingilia, haukupata. Kofia ilikuwa imeshonwa vizuri mno. Kengele ya ukumbini nayo ikafikiwa na moshi kidogo, lakini ulikuwa mzito, haukuwa wa aina yake. Ikanyamaza. Uani watu walinusa.

"Udi wa leo mzito," alisema mmoja.

"Wa Bi Mwanamkasi huo," alijibu mwingine, na Bi Mwanamkasi akaipokea sifa.

Saa saba Chiku akanawa mikono, akainuka. Siku hiyo hakuna aliyepiga sufi, lakini saa saba ni saa saba. Akaingia ghalani, akakuta hewa ina ukungu, akadhani ni vumbi, kwani siku ipi ghala lile halikuwa na vumbi? Pua haikumwambia kitu. Akapanda kigoda, akavua kofia. Hapo hapo kengele ikapiga ukelele wake mrefu. Chiku akarudi uani, kofia mkononi.

"Bi, nimevua. Udi bado haujaisha mle."

Watu wakacheka. Wengine walishaijua ile kengele kwa tabia. Mwatime akaanza kuinuka, na Bi Mwanamkasi akamshika mkono akamketisha. "Kaa ule, mwanangu. Leo wewe una shughuli kubwa. Iache ilie ichoke."

Mwatime akakaa.

Siwema alikuwa akipita na sinia la vitumbua. Alishanusa kitu tangu mapema. Mtu wa makaa anajua udi na anajua kisicho udi. Lakini alijiambia kwamba wenye masikio wangekuwa wameshajua. Ndipo akaona nyuso. Nyuso zaidi ya ishirini ziliinuka pamoja kuelekea mlangoni, kisha zikashuka pamoja, zikicheka. Akaelewa kwamba kengele imelia. Wale wengine walikuwa wameisikia ikilia kwa sufi, ikilia kwa udi, wakaizoea. Siwema hakuwahi kuisikia hata mara moja. Haikuwahi kumdanganya. Akaweka sinia chini, akaingia.

Ghala lilikuwa la kijivu. Akajifunga mtandio puani, akapapasa, akafungua mlango wa ndani. Nunu alikuwa akikohoa. Siwema akamnyanyua, akamlaza kifuani. Lakini nyuma yake milango yote aliiacha wazi, na upepo wa mchana ukapita uani, ukapita ukumbini, ukaingia ghalani. Sufi iliyokuwa ikifukuta ikapata ilichokuwa ikingoja. Gunia likalipuka miali, kati ya Siwema na njia aliyojia.

Pi, pi, pi. Pi, pi, pi.

Hiyo ilikuwa kengele ya ukumbini, ambayo haikuwahi kulilia udi wala sufi. Uani vijiko vikasimama. Mwatime akainuka, safari hii bila kushikika. "Huo ni mwali," alisema. "Moto uko ghalani na umeshasimama. Huku hapapitiki." Badala ya kukimbilia ndani akakimbilia nje, akakamata mchi wa jirani, akazunguka uchochoroni kwenye dirisha dogo.

Waliobaki walishika ndoo. Wakamwaga maji, na maji yakateleza juu ya sufi yakaishia sakafuni. Chiku akawasukuma. "Sufi hainywi maji. Toeni magunia." Akaingia, akashika gunia linalowaka kwa mikono mitupu, akaliburuta mpaka uani. Akarudi, akaburuta la pili. Akarudi, akaburuta la tatu. Mlango wa chumba cha ndani ulishaanza kufuka, lakini moto ukawa kila ukitaka kula unakuta Chiku ameshachukua.

Uchochoroni Mwatime alivunja fito za mbao za dirisha kwa mchi. Ndani alimwona Siwema ameligeuzia dirisha mgongo, anautazama mlango, mtoto kifuani. Akaita, akakumbuka haina maana kuita. Akaokota kipande cha mbao, akamtupia kikampata mgongoni. Siwema akageuka. Nunu akapita dirishani, kisha Siwema naye akavutwa, kanga imechanika, magoti yanatoka damu.

Bi Mwanamkasi alikuwa amesimama uani. Aliyajua yote yaliyotokea na hakuweza kusogea. Mpaka Nunu alipowekwa mikononi mwa Raya, akakohoa, akalia, ndipo yule bibi akakaa chini kwenye maji na majivu, na nguo zake za sherehe mwilini.

Hospitali walimtazama mtoto, wakasema mzima. Siku ya tatu, alasiri, wote wakakutana uani tena, maana uzi ulikuwa haujatolewa. Bi Mwanamkasi akautoa kwenye upindo wa kanga. Akamtazama Mwatime, akamtazama Chiku, akamtazama Siwema. Mkono ukabaki hewani.

"Semeni," alisema.

Mwatime akasema: "Mama, uzi uliahidiwa mimi, lakini sitaki kwa ahadi. Nataka kwa haki. Kengele nilizileta mimi. Ningeleta moja, mngebaki mnacheka. Nilileta mbili kwa sababu nilijua moto una njia mbili. Na ya pili ilipolia, ni mimi niliyejua inasema nini, nikaenda dirishani. Bila mimi Siwema na mtoto wangekuwa wameingia kaburini kwa mguu wao."

Chiku akasema, mikono yake yote miwili imefungwa bandeji: "Mimi sikusoma. Niliambiwa vua, nikavua. Siku ya sherehe kila mtu alisahau, mimi sikusahau. Kengele ya fundi ilikuwa bubu mpaka nilipoifungua mdomo. Isingelia, nyuso zisingeinuka, Siwema angeona nini? Na moto ulipokuja, dirisha lilivunjwa kwa muda nilioununua kwa mikono hii. Sina mtoto, Bi, na hata sindano sijui lini nitaishika tena. Uzi naweza kuufunga kwa meno."

Siwema alikuwa akiwasoma midomo. Zamu yake ilipofika akasema kwa ile sauti yake ya juu: "Sikuja kuomba. Lakini mkiniuliza nitajibu. Fundi alijua, akakaa. Chiku alivua, akatoka. Nyote mlisikia, mkacheka. Mimi sikusikia, nikaenda. Katika mtaa huu sijawahi kupewa mtoto nimshike. Huyu sikupewa. Nilimchukua mwenyewe, motoni."

Kisha, kama mjuavyo, watu wakakumbushana makosa.

"Wewe uliiona kofia ukacheka," Chiku alimwambia Mwatime.

"Na wewe ulisimama kwenye moshi ukauita vumbi," alijibu Mwatime.

"Na mimi niliacha milango wazi," alisema Siwema kabla hajaambiwa, "huo mwali niliuwasha mimi. Nimeufikiria siku zote tatu."

Mwanamke mmoja akapendekeza uzi ukatwe mara tatu. Bi Mwanamkasi akatikisa kichwa. Uzi uliokatwa mara tatu hauzunguki hata kidole cha mtoto.

Akasema: "Mnagombana kwa makosa yasiyo yenu. Kofia niliishona mimi. Aliyesema iache ilie ichoke ni mimi. Na lile kaa, hamjauliza lilitoka wapi. Lilitoka kwenye chetezo, na chetezo nilikibeba mimi. Goti lilinikatika pale kizingitini, nikatazama chini mara moja tu. Ningetazama mara mbili. Nilijivunia udi wangu, na mjukuu wangu alikuwa akiungua." Akamnyooshea Raya uzi. "Raya, mwanangu, chukua uzi huu uutoe wewe. Mimi sina uso."

Raya aliusukuma uzi urudi kwa mkwewe. Mimba mbili zilikuwa zimetoka, na huyu mwanamke alikuwa ameshika mkono wake mara zote mbili.

"Bibi wa mtoto ni wewe," alisema. "Mimi sitakusaidia. Chagua."

Hapo hapo Nunu, aliyelazwa ukumbini kwenye kitanda cha kuazima, akaanza kulia. Mwatime aliinuka kwa kuwa alimsikia. Chiku aliinuka kwa kuwa saa ya kunyonya ilikuwa imefika, na Chiku saa haimpiti. Siwema aliinuka kwa kuwa aliona nyuso zao zimegeuka. Walifika kitandani pamoja, wote watatu, wakainama, na hakuna aliyemgusa mtoto. Waligeuka wakamtazama Bi Mwanamkasi aliyekuwa amekuja nyuma yao na uzi mweusi.

Mimi niliyewasimulia nimelala na jambo hili siku nyingi, na kila nikiamka nina jibu jingine. Basi nisaidieni, na msiniambie wote watatu, maana uzi ni mmoja na mtoto bado analia. Mwatime aliyejua, Chiku asiyesahau, Siwema asiyesikia akaenda: je, nani alistahili kumfunga Nunu uzi ule?